Mbuzi Wote wa Mjomba Gumercindo

Poço da Ema, 12 Machi 2006

Mpwa wangu Rosivânia,

Kaa chini kwanza ndiyo usome. Habari hii ukiisoma umesimama utaangusha sahani za huyo bibi unayemfanyia kazi São Paulo, na mimi sitaki lawama.

Mimi ni mzima. Mama yako Elenita ni mzima, mguu unamsumbua lakini mdomo haujambo. Mdogo wako Leidinha amekuwa wa kwanza darasani tena, kichwa hicho amekirithi kwangu. Watu husema niliishia darasa la tatu. Ni kweli, lakini mwalimu alinisimamisha pale kwa sababu hakuwa tena na la kunifundisha, na aliyatamka hayo huku machozi yanamtoka. Mvua imenyesha mara mbili. Ya pili ilikuwa kubwa mpaka chura alipanda juu ya paa akaomba aokolewe.

Sasa sikia. Jumanne alikuja binti mmoja wa ofisi ya mjini, anaitwa Marluce, ana miwani na fulana yenye nembo. Anapita nyumba kwa nyumba na makaratasi, anaandika upya watu wote wenye ile kadi ya serikali ya msaada wa fedha, ile ambayo mama yako huenda nayo mjini kila mwisho wa mwezi. Mama yako hakuwepo, alikuwa kwa Zulmira wakikaanga unga wa muhogo. Nikampokea mimi. Ilikuwa saa sita mchana, na kisima chetu unakijua saa hiyo kinavyokuwa: mbuzi wa Poço da Ema wote wamekuja kunywa, wamejaa mpaka mlangoni.

Binti akasimama akawaangalia. Akaniuliza, "Mzee, hawa wote ni wa kwako?"

Sasa mwanangu, ningesema nini? Mgeni amekaa kwenye kiti changu, anakunywa kahawa yangu, na ananitazama kwa jicho la huruma kama mtu aliyekuja msibani. Huruma siipendi. Nikamwambia, "Hawa ni wale wasio na haya. Wenye adabu bado wako porini."

Akaandika.

Akauliza habari ya maji. Nikasema nina pampu ya injini kutoka Ujerumani. (Na kweli imetoka Ujerumani. Kwamba haijawaka tangu marehemu baba yako aifungue aone ndani kuna nini, hilo hakuuliza.) Akauliza kazi yangu. Nikasema mfugaji mkubwa. Akauliza kama kuna kitu tunachokikosa hapa nyumbani. Nikamjibu, "Binti, hapa tunakosa mahali pa kuweka vitu."

Aliandika yote, kurasa mbili na kipande. Alipoondoka alinipa mkono kwa heshima kubwa. Nakueleza haya ili ukae huko kwa wakubwa ukijua jina la nyumba yenu liko salama. Wengine hapa wanapanga foleni na kadi mkononi kama kuku wanaongoja mtama. Bwana Arlindo mwenye duka anasema kila siku kwamba kadi hiyo imeua kazi, kwamba mtu akishaipata hagusi jembe tena, na mimi humuunga mkono kwa sauti ili wa nyuma nao wasikie. Gumercindo hajawahi kula chakula cha serikali.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Gumercindo


São Paulo, 2 Aprili 2006

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza, juu ya kitanda changu katika kile chumba cha nyuma ya jiko. Chura amenichekesha. Kisha nikaisoma mara ya pili na sikucheka.

Mjomba, maharage unayokula mchana anayanunua nani? Na viatu vya Leidinha vya shule? Unajua, na mimi najua. Mama anakwenda mjini na kadi, anarudi na mfuko kichwani, anapika, anakupakulia wa kwanza. Nawe unakaa pale umeshika kijiko, unasema hujawahi kula chakula cha serikali.

Tafadhali niambie, yule binti alikwenda kufanya nini na zile kurasa mbili na kipande? Muulize mama kama kadi bado inakubali. Simu ya pale kijijini nimeipiga mara nne, inaita tu hakuna anayepokea.

Hapa mambo ni mazuri. Bi Heloísa ni mwema kwangu. Jumapili alikuwa na wageni, wakazungumza habari za huko kwetu. Walichosema sitaki kukiandika. Ni mambo ya mezani tu.

Mpwa wako,
Vânia


Poço da Ema, 7 Mei 2006

Mpwa wangu,

Umeandika kama hakimu. Safi, napenda mwanamke mwenye msimamo, hilo nalo umelirithi kwangu.

Huku ni furaha tupu. Vijana wanafunga bendera kila mti kwa ajili ya Kombe la Dunia. Juzi nimemwona chui karibu na kisima. Tulitazamana. Nikamwambia aondoke, akaondoka, na Zulmira ni shahidi ingawa hakuwepo.

Umeuliza habari ya kadi. Kadi ni nzima, haina ufa wala mkwaruzo. Mashine ndiyo inayoikataa. Mama yako amekwenda mjini mara mbili. Mara ya kwanza walimwambia arudi. Mara ya pili walimwambia kuna neno kwenye kompyuta. Mimi nadhani ni umeme, unajua umeme wa mjini ulivyo.

Maharage tumepunguza kidogo, kwa ajili ya afya. Tumbo jepesi linafikiri vizuri.

Leidinha anakusalimu. Kuna mama mmoja mjini anatafuta msichana wa kukaa naye, amsaidie na watoto. Mama yako amesema atafikiri. Anafikiri tu, mwanangu, kufikiri si dhambi. Usikonde.

Mjomba wako,
Gumercindo


São Paulo, 21 Mei 2006

Mjomba,

Leo sikuamkii. Utanisamehe.

Mama amenipigia, alitembea mpaka mjini kupata simu. Kumbe neno lililo kwenye kompyuta ni wewe. Imeandikwa kwamba nyumba ya Elenita ina mfugaji mkubwa, mbuzi zaidi ya sabini, pampu ya injini, na kwamba wenyewe wamesema hawakosi kitu. Wamefunga kadi. Aliyekuwa dirishani alimsomea kwa sauti, foleni nzima inasikia, kisha akamwambia aone aibu kuchukua cha maskini. Mama. Mwenye viatu vile unavyovijua.

Na Leidinha atapelekwa Julai, mitihani ikiisha. Ana miaka kumi na miwili, mjomba. Mimi nilikuwa na kumi na mitatu. "Kukaa na mama mmoja mjini, kumsaidia na watoto." Maneno yenyewe ni yale yale, hata hamkuyabadilisha. Waliniambia nitasoma jioni. Jioni nilikuwa naosha masufuria. Ikaja nyumba ya pili, na ya tatu, na sasa niko ghorofa ya kumi na moja, na nikitaka kujua neno fulani linaandikwaje naangalia kwenye pakiti za sabuni. Leidinha anajua kugawanya sehemu. Mimi sikufika huko.

Sasa nikwambie walichosema wageni wa Bi Heloísa. Mmoja alisema watu wa kwetu wanazaa ili wapate kadi. Mwingine akasema afadhali kuwapa kwa mkono wako mwenyewe, mfuko wa chakula wakati wa Krismasi, angalau unauona uso wa mtu akishukuru. Bi Heloísa akanigeukia, mimi nimeshika keki. "Na kwenu, Vânia, wanapokea?"

Nikasema, "Hapana Bi. Mjomba wangu ni mfugaji mkubwa."

Wakafurahi! Wakasema, mnaona, wanaotaka kufanya kazi wanafanya. Wakanikatia kipande cha keki. Nilikila, mjomba. Nimemkana mama yangu kwa maneno uliyonitumia kwa barua, kisha nikala keki.

Kwa hiyo sikulaumu kuliko ninavyojilaumu. Lakini mimi nilisema mbele ya wanawake watatu, wewe ulisema mbele ya karatasi ya serikali. Nenda ukaifute. Usiende kusimulia, andika. Andika kwamba hatuna.

Vânia


Poço da Ema, 3 Juni 2006

Kwa Wakubwa wa Ofisi, Mjini

Mimi, Gumercindo Alves da Paixão, mwenye miaka hamsini na minne, akili timamu na meno kumi na tisa, naandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kulazimishwa na mtu isipokuwa mpwa wangu.

Nimeambiwa niseme kwamba mimi ni maskini. Basi kama ni kusema, niseme sawasawa. Mimi ni maskini kuliko maskini yeyote wa manispaa hii. Akitokea wa kushindana nami mleteni, nitamshinda kabla ya chakula cha mchana, na chakula cha mchana chenyewe hakipo. Nina suruali mbili, na moja ni ya kuazima. Panya wa nyumbani kwetu walihama mwaka juzi, wakatuachia salamu za pole.

Mbuzi wangu ni watatu. Mmoja haoni jicho la kushoto. Wale wengine aliowaona Bi Marluce ni wa majirani. Hapa hatuna ua wala seng'enge, malisho ni ya wote, mbuzi wanachanganyika na kila mtu anamjua wake kwa mkato wa sikio. Bi Marluce ni mtu wa mjini, hakuangalia masikio. Nami sikumwambia aangalie.

Pampu ni ya Ujerumani, hilo sifuti. Haifanyi kazi.

Dada yangu Elenita hakusema neno hata moja, alikuwa kwenye muhogo. Uongo ni wangu peke yangu. Kama kuna kufunga, nifungwe mimi. Kadi ifunguliwe, kwa sababu kuna mtoto yuko karibu kutolewa shule, naye ni wa kwanza darasani.

Naomba mje muwaangalie mbuzi kwa macho yenu. Ila naomba sana iwe siku ya Alhamisi, siku ambayo Bwana Arlindo mwenye duka huenda kuchukua bidhaa na hayupo kijijini. Sina sababu maalumu.

Gumercindo Alves da Paixão


Mjini, 9 Juni 2006

Bwana Gumercindo,

Tumepokea barua yako. Nitakuja mwenyewe Jumamosi tarehe 17 Juni, saa sita mchana, wakati mbuzi wanapokunywa. Kwa kuwa kila mwenye mifugo lazima athibitishe alama yake, nimewaarifu wote, pamoja na Bwana Arlindo. Alhamisi haiwezekani.

Safari hii nitaangalia masikio.

Marluce Teles


Poço da Ema, 18 Juni 2006

Mpwa wangu,

Ukaguzi umepita. Mbuzi walipangwa kwa masikio. Kila mtu alichukua wake. Jua lilikuwa kali.

Arlindo alikuwepo, akasema maneno mawili matatu, siyakumbuki. Binti wa ofisi aliandika sana. Jibu watatoa baadaye.

Nimechoka kidogo, si sana.

Gumercindo


Poço da Ema, 20 Juni 2006

Vânia mwanangu,

Najua kaka amekuandikia, kwa sababu aliniomba bahasha. Najua pia hakukwambia, kwa sababu barua ilikuwa nyembamba. Barua ya mjomba wako ikiwa nyembamba ujue kuna jambo. Basi nakueleza mimi, nisamehe mwandiko.

Siku ile alinyoa ndevu asubuhi. Akavaa kofia ya ngozi ya Jumapili. Akasimama karibu na birika la kunyweshea, kama bwana harusi. Watu walikuja wote, hata wasio na mbuzi, wengine na fulana za Kombe la Dunia, kama wamekuja mpirani. Marluce akasema kila mtu atoe wake.

Zulmira akatoa wake, wenye tundu katikati ya sikio. Kina Otacílio wakatoa wao, waliokatwa ncha. Arlindo akatoa wake, wenye mkato kama mkia wa mbayuwayu, na walikuwa wengi, vijana wake walihangaika nao. Kila kundi likiondoka, kaka alikuwa anabaki na nafasi zaidi. Mwisho wakabaki watatu. Yule asiyeona jicho alikuwa bado anakunywa.

Arlindo akasema kwa sauti ya dukani, "Mfugaji mkubwa! Mbona wamekukimbia? Au wamekwenda kuwaita wale wenye adabu huko porini?"

Watu wakacheka. Mwanangu, walicheka sana. Arlindo akaendelea, "Bi Marluce, andika. Ndivyo walivyo watu wa kadi. Wakitaka heshima wanadanganya, wakitaka kadi wanadanganya. Mimi sijawahi kupokea cha bure maisha yangu yote."

Nikamtazama kaka, nikingoja ajibu. Unamjua. Mtu ambaye hata kwenye mazishi ya mama alikuwa na hadithi. Safari hii alivua kofia akawa anaizungusha tu mikononi.

Ndipo Marluce akauliza, "Kama si mbuzi wake, kwa nini wote wanakunywa hapa?"

Watu wakaangalia miguu yao. Nikaona hapa hakuna wa kusema, nikasema mimi. Nikamwambia visima vingine vyote vya Poço da Ema vimegeuka chumvi, huu mwaka wa nne. Chetu ndicho kilichobaki kitamu. Pampu haifanyi kazi, kwa hiyo kaka anavuta maji kwa kamba, ndoo kwa ndoo, kuanzia saa tatu mpaka saa saba, siku zote, na Jumapili akitoka kanisani. Hakuna aliyemwomba na hakuna anayempa kitu. Ndiyo maana hana shamba la maana, ndiyo maana hatoki kwenda kutafuta vibarua vya miwa kama wengine. Nikashika mkono wake nikaugeuza ili Marluce aone kiganja. Akakitazama muda mrefu.

Kisha akamgeukia Arlindo. "Wa kwako ni wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Na kwa maji haya unatoa nini?"

Arlindo akasema, "Maji ni ya Mungu, Bi."

Zulmira akadakia. "Maji ya Mungu, lakini kamba ya Gumercindo! Na mgongo wa Gumercindo! Wewe Arlindo una kadi mwaka wa nne sasa, ila yako imeota manyoya na inakunywa hapa kisimani!"

Vânia, watu walicheka mpaka mbuzi wakatawanyika upya. Arlindo alikuwa mwekundu kama nyanya. Zulmira akasema, "Na mimi ninayo, nani hana hapa? Anyooshe mkono!" Hakuna aliyenyoosha.

Jioni, tukiwa tunakula, nilimuuliza kaka. Nikamwambia, wewe umetusimulia chui, umetusimulia chura, umetusimulia mwalimu aliyelia. Jambo hili la kweli, unalolifanya kila siku, mbona hujawahi kujisifu nalo hata mara moja? Akanitazama kama nimeuliza swali la mtoto. Akasema, "Hilo nalo la kusimulia? Mbuzi wana kiu, Elenita."

Jibu bado halijaja. Yule mama wa mjini amesema atangoja mpaka Jumatatu tarehe tatu Julai, baada ya hapo atachukua msichana mwingine. Nimefua nguo za Leidinha zote. Nimezikunja, sijazitia kwenye sanduku. Sina cha kumlisha mwezi ujao mwanangu, na sitaki aondoke. Nayajua yaliyokupata wewe, hata kama hukuwahi kuniambia.

Mama yako,
Elenita


São Paulo, 26 Juni 2006

Shikamoo mjomba,

Nimerudi kukuamkia, umeona?

Mama ameniandikia. Sitasema zaidi, utaanza kuvuta sharubu. Nakwambia tu nilichofanya mimi. Asubuhi ya leo, Bi Heloísa akinywa kahawa yake, nilimwambia, "Bi, siku ile ya keki nilisema uongo. Mama yangu ana kadi. Sasa imefungwa, na mdogo wangu yuko karibu kutolewa shule. Mjomba wangu ana mbuzi watatu."

Akasema, kwa upole kabisa, kwamba ana mfuko wa nguo za watoto wake, nichukue niwapelekee. Nikasema asante Bi, lakini mdogo wangu hana shida ya nguo, ana shida ya kubaki darasani. Akaniuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Nikamwambia, "Wageni wakija tena, wakisema lile jambo la kuzaa, usinigeukie mimi. Ukinigeukia, safari hii nitajibu ukweli." Alikasirika kidogo, nadhani. Kahawa aliimaliza amesimama. Lakini hakunifukuza, na mchana alikuja jikoni akaniuliza Leidinha anapenda somo gani.

Mjomba, safari hii sitaki chui. Niambie jibu tu. Leidinha anaondoka au anabaki?

Vânia


Poço da Ema, 2 Julai 2006

Mpwa wangu Vânia,

Anabaki.

Nimeanza na hilo ili usije ukasema nakuzungusha. Anabaki, na kadi itakubali kuanzia mwezi huu. Mama yako ameshampelekea ujumbe yule mama wa mjini, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya barua. Leidinha mwenyewe aliposikia alichukua daftari akakaa mlangoni akaanza kugawanya sehemu, haraka haraka, kama anaogopa tutabadili mawazo.

Sasa niruhusu nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu jibu fupi linaniwasha mwilini.

Marluce alikuja Ijumaa. Mama yako aliniweka kwenye kigoda, akaniambia, "Kaka, leo ninajibu mimi. Wewe utafungua mdomo ukiulizwa, na ukiulizwa utajibu kwa neno moja." Mwanangu, nimewahi kutulia nyuki wakinitembea usoni, mzinga mzima, na sikutikisika. Lakini hiyo nusu saa ilikuwa ngumu zaidi. Aliulizwa wangapi nyumbani, akasema watatu. Mbuzi wangapi, watatu. Injini, mbovu. Nikakohoa kwa ajili ya Ujerumani, akanikanyaga mguu.

Arlindo alipita barabarani akatusalimia. Tangu Jumamosi ile hajasema kwamba kadi imeua kazi, au labda anasema nikiwa sipo. Jumatano alikuja kisimani peke yake, akasimama, akasema, "Lete hiyo kamba, bwana, nami nijaribu." Akavuta ndoo saba. Yeye anasema kumi na mbili, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mikono ilimtoka malengelenge, akaifunga kitambaa, na dukani anawaambia watu amejikata na kisu cha jibini. Nimemwachia hilo. Mtu ana haki ya kuwa na hadithi yake.

Na Zulmira nimemwambia mbele ya watu kwamba mimi nimekula chakula cha serikali, miaka mitatu, tena nikiongezewa. Akasema, "Hilo tunalijua, Gumercindo, tumbo lako tunaliona." Kwa hiyo usiseme sikusema.

Turudi kwa Marluce. Alifika kwenye mstari wa kazi yangu. Safari ile ya kwanza palikuwa pameandikwa mfugaji mkubwa. Aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, hakuniuliza. Akaandika mwenyewe, taratibu, kisha akaigeuza karatasi niione. Mimi macho yangu kwa mwandiko wa ofisini ni mazito, nikamwambia anisomee.

Akasoma: "Huteka maji ya mifugo ya kijiji chote. Bila malipo."

Nikamwomba asome tena. Akasoma tena.

Akaniuliza, "Mzee Gumercindo, una lolote la kuongeza?"

Mama yako akaufuata mguu wangu chini ya meza. Hakukuwa na haja.

Nikasema, "Hapana, binti."

Mjomba wako,
Gumercindo